Masika yakiisha, muulize diwani fedha za dhahabu zimefika wapi

Na Mwandishi Wetu

KWA mkulima wa Shinyanga na Geita, Aprili na Mei ni miezi ya kuhesabu. Mvua zilizoanza Novemba zinaelekea ukingoni, mpunga kwenye majaruba unageuka rangi, pamba inaanza kufunguka na maghala yanafagiliwa. Mfanyabiashara wa Katoro, Masumbwe, Kakola au Maganzo naye anapiga hesabu zake, kwa sababu mkulima akiuza ndipo mabati, baiskeli na vitenge vinapotoka dukani.

Yupo mtu wa tatu ambaye miezi hii inamkuta na hesabu mkononi, naye ni diwani wa kata. Hiki ndicho kipindi anachotarajiwa kusimama mbele ya wananchi na kueleza halmashauri imefanya nini, imekwama wapi na inakusudia nini mwaka ujao wa fedha.

Tatizo ni kwamba taarifa hiyo mara nyingi hupokelewa kama hotuba. Watu hupiga makofi kwa darasa lililoezekwa, hunung'unikia barabara iliyokatika, kisha hutawanyika. Wachache huuliza swali la fedha. Katika ukanda ambao ardhi yake imetoa dhahabu kwa zaidi ya miongo miwili ya uchimbaji mkubwa, kutouliza swali hilo ni hasara kwa mkulima na kwa mwenye duka.

Makala hii inaeleza fedha za halmashauri zinatoka wapi, diwani ana uwezo gani juu yake, na maswali gani mwananchi ayabebe anapokwenda mkutanoni.

Kwa nini Aprili na Mei

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, nao umegawanyika katika robo nne. Robo ya tatu hufungwa Machi 31. Hivyo baraza la madiwani linapoketi baada ya hapo, mezani kunakuwa na taarifa ya miezi tisa. Miezi tisa inatosha kujua kama mpango wa mwaka utatimia au utabaki kwenye makaratasi, na miezi mitatu iliyobaki inatosha kurekebisha kilichokwenda kombo.

Aidha, wakati huo bajeti ya mwaka unaofuata inakuwa imekwishapitishwa na halmashauri na inasubiri Bunge, ambalo hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Ni kipindi hichohicho ambacho ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, huwasilishwa bungeni na kuwa wazi kwa kila mtu. Ripoti hiyo ina sehemu inayohusu serikali za mitaa, na humo husemwa halmashauri ipi imepata hati gani na hoja zipi za ukaguzi hazijajibiwa.

Kwa maneno mengine, diwani anayesema mwezi Mei kwamba hana takwimu anakuwa na kazi ya kueleza kwa nini hana.

Ni vizuri pia kufahamu mipaka ya kazi yake. Diwani hasaini hundi. Mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, na ndiye anayewajibika kwa matumizi. Kazi ya diwani ni kupitisha bajeti akiwa ndani ya baraza, kusimamia utekelezaji wake kupitia kamati, na kuongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata akiwa mwenyekiti wake. Kwa sababu hiyo, swali linalomfaa si “umetuletea nini?” bali “mlipitisha nini, na kimefika wapi?”

Dola 200,000 na asilimia 0.3

Ili kuona uzito wa swali hilo, turudi nyuma kidogo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Katika mikataba iliyosainiwa na Serikali wakati huo, malipo ya migodi kwa serikali za mitaa yaliwekewa kikomo cha dola 200,000 za Marekani kwa mwaka. Wakati huohuo, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilikuwa na ushuru wa huduma, ambao kiwango chake kilikuwa hadi asilimia 0.3 ya mauzo ghafi.

Tofauti ya njia hizo mbili inaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme mgodi umeuza wakia 500,000 za dhahabu kwa dola 1,500 kila wakia. Mauzo yote ni dola milioni 750. Asilimia 0.3 yake ni dola milioni 2.25. Kwa njia ya kikomo, halmashauri inapata dola 200,000 tu. Yaani kwa mauzo ya kiasi hicho, njia moja inalipa zaidi ya mara 11 ya nyingine.

Suala la mikataba ya madini lilichunguzwa na kamati ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2008. Ilichukua miaka mingine hadi mwaka 2014 ndipo migodi mikubwa ya ukanda huu ilipoanza kulipa kwa asilimia 0.3.

Lakini miaka ya nyuma haikusahauliwa. Septemba 2017 madiwani wa halmashauri za Geita walifunga barabara za kuingia mgodi wa Geita wakidai malimbikizo ya zaidi ya dola milioni 12 za ushuru wa huduma wa miaka kabla ya mabadiliko hayo. Polisi waliingilia kati na sakata hilo likawa habari ya nchi nzima.

Mtu anaweza kubishana juu ya njia waliyotumia. Jambo moja halibishaniwi: siku ile wananchi wengi wa vijijini walisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna fedha ya halmashauri inayohesabiwa kutokana na dhahabu inayouzwa, na kwamba kiasi chake kinaweza kukokotolewa. Kabla ya hapo lilikuwa jambo la maofisini.

Fedha za uwajibikaji kwa jamii

Mwaka huohuo wa 2017 sheria ya madini ilifanyiwa marekebisho makubwa. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6, na ukaongezwa ushuru wa ukaguzi wa asilimia 1. Fedha hizo huenda Serikali Kuu. Kwa mwananchi wa kata, kifungu kilichogusa zaidi ni kile cha uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ambacho wengi wanakiita CSR.

Kabla ya marekebisho, mgodi ungeweza kujenga kisima au darasa kwa hiari yake, mahali ulipopenda, na kutangaza gharama uliyoitaka. Sheria mpya iliagiza mwenye mgodi aandae mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri husika. Nayo halmashauri ilipewa majukumu matatu: kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyo katika maeneo yao.

Hilo la tatu ndilo la kushika. Kuwaeleza wananchi kuhusu miradi hiyo si fadhila ya diwani wala ya mkurugenzi. Limo ndani ya sheria.

Katika mwaka wa 2018 mgodi wa Geita ulitenga Sh9.2 bilioni kwa ajili ya miradi katika halmashauri ya mji na ya wilaya ya Geita. Fedha za kiasi hicho zinaweza kubadilisha sura ya wilaya au zinaweza kupotelea katika saruji isiyojulikana ilikokwenda. Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni orodha: mradi gani, kijiji gani, kwa shilingi ngapi, nani fundi, na utakamilika lini. Diwani akiisoma orodha hiyo mbele ya watu, mwanakijiji anaweza kutembea hadi eneo la mradi na kuona kama matofali yaliyosomwa ndiyo yaliyopo.

Wachimbaji wadogo nao wamo katika hesabu hiyo. Februari 2019 Bunge lilifuta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo. Mwezi uliofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la dhahabu la Geita. Masoko hayo yalipoanza, muuzaji alikatwa mrabaha na ushuru wa ukaguzi, pamoja na asilimia 0.3 ya halmashauri.

Maana yake ni kwamba dhahabu ya Lwamgasa, Nyarugusu au Mgusu, ambayo zamani ilipita mkononi kwa mnunuzi wa gizani, ikiuzwa sokoni inaacha risiti. Palipo na risiti pana kiasi kinachoweza kuulizwa.

Ushuru wa mazao

Dhahabu isitufanye tusahau kwamba halmashauri nyingi za ukanda huu, hasa zile zisizo na mgodi mkubwa, hutegemea pia jasho la mkulima. Hadi mwaka 2017 ushuru wa mazao ulifikia asilimia 5. Mwaka huo ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Aidha, mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru huo.

Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100. Hapa mkulima ajihadhari na lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba lina kilo nyingi kuliko linavyohesabiwa, na kwenye kizuizi kinachosomwa ni uzito, si idadi ya magunia. Anayepima kilo zake nyumbani anafika kizuizini akijua haki yake.

Bei nayo hugusa mfuko wa halmashauri. Chukua pamba. Msimu wa 2022 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya Sh1,560 kwa kilo, na wa 2023 kwa Sh1,060. Mkulima alipoteza Sh500 katika kila kilo. Kwa ushuru wa asilimia 3, halmashauri iliyokuwa ikipata Sh46.80 kwa kilo ilishuka hadi Sh31.80. Kwa hiyo mwaka wa bei mbaya humpiga mkulima mara mbili: kwanza kwenye mizani, kisha kwenye zahanati ambayo haikukamilika kwa kukosa fedha.

Hii ndiyo sababu diwani wa Kishapu au Shinyanga Vijijini anapaswa kueleza makadirio ya ushuru wa pamba yalitegemea bei gani na kilo ngapi. Makadirio yaliyopangwa kwa bei ya mwaka mzuri huacha pengo, na pengo hilo lisipojulikana mapema huzibwa kwa kuwaandama wafanyabiashara wadogo.

Kwa wenye maduka, vibanda na magenge, jambo la msingi ni risiti. Malipo ya halmashauri hukusanywa kwa mashine za POS au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayolipiwa benki na kwa simu. Fedha iliyotolewa bila risiti ya mashine haimo katika taarifa atakayosoma diwani. Mwenye kibanda anayekubali “kupunguziwa” ili asipewe risiti amejikatia mwenyewe choo cha soko lake.

Viwango vya ushuru na kodi hubadilika kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo huanza kutumika Julai. Ni busara basi kumtaka diwani aeleze viwango vinavyotumika sasa, na kama kuna kilichopendekezwa kubadilika.

Barabara na maji ni za nani?

Malalamiko makubwa ya mwisho wa masika ni barabara. Makalavati yamezolewa, magari ya mpunga yanazunguka, na nauli ya bodaboda imepanda. Lawama zote humwangukia diwani. Ukweli ni kwamba tangu Julai 2017 barabara za wilaya zilitoka mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha tozo ya Sh100 katika kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo.

Vivyo hivyo kwa maji. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Miji ya Shinyanga na Kahama, ambayo tangu mwaka 2009 inapata maji ya Ziwa Victoria kupitia mradi wa KASHWASA, ina mamlaka zake za maji zinazouza kwa wateja.

Je, diwani amepona? Hapana. Yeye ndiye anayewasilisha kipaumbele cha kata, na anaweza kuwauliza wataalamu wa wakala hizo mbele ya baraza. Kwa hiyo swali la mkulima liwe: barabara yetu imo katika mpango wa TARURA wa mwaka ujao au haimo? Jibu la “tunafuatilia” halisaidii mtu mwenye mpunga unaosubiri lori.

Mikopo ya asilimia 10

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa katika sheria mwaka 2018. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wake baada ya kuonekana vikundi hewa na marejesho hafifu, na mwaka 2024 mikopo ikarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Hapa dhahabu na jembe vinakutana. Mapato ya ndani yakikua kwa sababu ushuru wa huduma wa mgodi umelipwa, asilimia 10 nayo inakua. Kikundi cha akina mama wanaokausha michembe au vijana wanaofuga kuku kwa ajili ya soko la migodini wana haki ya kujua mfuko huo una shilingi ngapi, vikundi vingapi vya kata vimepata, na vingapi vimerejesha. Anayetaka kuomba aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akiwa na kikundi cha kweli na shughuli inayoonekana.

Lile la marejesho lisikwepwe. Kikundi kisichorejesha kinamnyima jirani yake, na diwani anayewakingia kifua wadaiwa kwa sababu ya kura anaua mfuko.

Somo la Buzwagi

Wapo watakaosema fedha za mgodi zipo tu, hakuna haja ya haraka. Waangalie Kahama. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi ulipofungwa. Tulawaka, uliokuwa Biharamulo, ulifikia mwisho chini ya kampuni iliyouanzisha mwaka 2013 na kuchukuliwa na STAMICO.

Mgodi ukifungwa, ushuru wa huduma unakatika, wapangaji wanahama na mama lishe wanakosa wateja. Kinachobaki ni kile kilichojengwa wakati fedha zilipokuwa zinaingia: ghala, skimu ya umwagiliaji, soko lenye paa, shule, barabara ya kutolea mazao. Kahama ina bahati ya kuwa njia panda na yenye mpunga mwingi, pamoja na bandari kavu ya Isaka. Si kila kata iliyo pembeni ya mgodi ina bahati hiyo.

Kwa hiyo swali la dhahabu ni swali la mkulima. Dhahabu ina mwisho wake, na siku ikiisha jembe litabaki. Kama fedha zake hazikugeuka kuwa kitu kinachomsaidia mwenye jembe, zitakuwa zimepita kama mvua ya mawe.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Mikutano ya baraza la madiwani nayo iko wazi kwa wananchi kusikiliza. Anayekwenda abebe daftari na kalamu, pamoja na maswali haya:

Kwanza, halmashauri yetu ilikadiria kukusanya shilingi ngapi mwaka huu, na hadi Machi 31 zimeingia ngapi?

Pili, katika hizo, ushuru wa huduma wa migodi na masoko ya madini ni kiasi gani, na ushuru wa mazao ni kiasi gani?

Tatu, mpango wa CSR wa mwaka huu una miradi gani katika kata yetu, kwa gharama gani, na umefikia hatua gani?

Nne, mfuko wa mikopo wa asilimia 10 umetoa kiasi gani kwa vikundi vya kata hii?

Tano, ukaguzi wa CAG ulikuta hoja gani katika halmashauri yetu, na zimejibiwaje?

Sita, barabara ipi ya kata imo katika mpango wa mwaka unaoanza Julai?

Majibu yaandikwe pamoja na tarehe. Mkutano wa robo inayofuata uanze kwa kusoma yaliyoandikwa. Diwani mwaminifu atafurahi, maana atakwenda barazani akiwa na nguvu ya watu wanaojua wanachodai. Yule asiye na majibu atajifunza kuyatafuta kabla ya kuitisha mkutano mwingine.

Wenye maduka wana msemo wao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri ni duka letu sote, na msimu wa kukagua daftari lake ndio huu.